Zebaki ya Darini

Kamwene, akina mama. Kamwene na ninyi akina baba mliokaa kule karibu na mlango, nawajua, mmekaa hapo ili mtangulie kwenye chakula. Leo hamtatangulia. Nimemwomba mwenyekiti wetu anipe nafasi kabla ya kula, kwa sababu nina neno, na neno lenyewe linahusu ule mtungi wa togwa pale mezani, uliofunikwa kitambaa cha bluu. Nitaurudia mwishoni.

Desturi yetu ya ushuhuda mnaijua, hatutaji majina. Nami sitataja. Ila kuna mtu mmoja humu ambaye jina lake nimelichafua mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, na mtamjua hata nisipomtaja. Basi nisikilizeni.

Kwanza mikono yangu. Miaka miwili nimeificha ndani ya kanga, mnadhani ni baridi ya Iringa. Si baridi. Tazameni, haya. Mnaiona inavyotetemeka? Na hii ni nafuu kubwa. Mkono huu ndio uliokuwa unasuka vikapu vya nyasi za milulu mlivyokuwa mnavigombania hapa Kihesa.

Miaka minne iliyopita baba watoto alisikia kwamba kule Chunya watu wanachimba dhahabu. Mnajua akina baba wakisikia neno dhahabu. Tukawaacha watoto wetu wawili kwa shangazi yao wasome, tukapanda gari kwenda Mbeya, na kutoka Mbeya tukavuka mlima kwenda Chunya. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amefiwa na mume mwaka uleule, akaja nasi. Hakutaka kubaki nyuma, na kusema kweli nilifurahi. Tulipatana. Watu wanasema mkwe na mkamwana hawakai chungu kimoja, lakini sisi tulikaa.

Sasa hiyo zebaki. Wengi wenu hamjawahi kuiona. Siku ya kwanza mume wangu aliileta ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi, akakiweka mezani. Nikanyoosha vidole viwili nikichukue, kikagoma. Kichupa kidogo vile, kizito kama jiwe la kusagia! Akamimina kidogo kwenye bakuli. Ndugu zangu, nawaambia, nilishangaa kama mtoto. Madini, inang'aa kama fedha, lakini inakimbia kama maji, na haimlowanishi mtu. Ukiigusa kwa kidole inapasuka vipande vidogovidogo vya mviringo, ukivisogeza vinarudiana vinakuwa kitu kimoja. Mume wangu akatumbukiza nati ya chuma. Nati ikaelea. Mama mkwe akasema, "Hiki kitu si cha kuchezea." Tukamcheka.

Kazi ilikuwa hivi. Mwanaume anachimba mawe na kuyaponda mpaka yanakuwa mchanga. Mchanga unaoshwa kwenye karai, unabaki ule mweusi mzito. Hapo unamimina zebaki, unaukanda kwa mikono kama unavyokanda unga. Zebaki inameza dhahabu yote, hata ile vumbi usiyoiona kwa macho, na mchanga inauacha. Kisha unaitia katika kitambaa unakamua. Zebaki iliyozidi inapenya, ndani kinabaki kidonge cheupe. Kukanda na kukamua ilikuwa kazi yangu. Nani tena ana mikono ya kukanda katika nyumba?

Kidonge hicho lazima kichomwe. Unakiweka juu ya sepetu, unaweka sepetu kwenye moto, zebaki inatoka, inabaki dhahabu ya manjano. Wenzetu wengine walichomea nje porini. Sisi tulichomea jikoni kwangu, mlango umefungwa. Mume wangu alisema nje kuna upepo, na zaidi ya upepo kuna macho ya watu. Basi mchana jua likiwa kali, watu wamejipumzisha, mimi nafunga mlango nachochea moto, yeye anakaa nje juu ya gogo analinda mlango. Kumbukeni hapo: yeye nje, mimi ndani.

Nilimuuliza mara moja, "Hii zebaki ikitoka kwenye sepetu inakwenda wapi?" Akanijibu, "Inaisha." Nikaridhika. Mchuzi ukichemka sana si unaisha?

Na jiko lenyewe mnalijua, ni jiko la kwetu, tulilijenga kama tulivyozoea huku. Mafiga matatu katikati, na juu ya moto dari la fito. Darini tumepanga mahindi ya mbegu ili moshi uyalinde na wadudu. Na pembeni mwa moto kitanda cha mama mkwe. Bibi gani wa kwetu analala mbali na moto? Alikataa chumba tulichompa. Alisema, "Mimi niacheni na moto wangu."

Mwaka wa kwanza haujaisha nikaanza kujisikia vibaya. Mdomoni nina ladha kama nimenyonya ufunguo. Mate yananijaa mpaka nalala na kitambaa. Fizi zikavimba, meno yakalegea, hili pengo mnaloliona hapa si uzee. Usingizi ukaniacha. Halafu vidole vikaanza kutetemeka. Nikichukua milulu nisuke, nalikosa tundu. Nikawa naogopa watu, mimi! Mdomo wangu si mnaujua? Lakini mgeni akibisha hodi najificha nyuma ya nyumba. Na hasira, jamani. Sahani ikianguka nataka kuua mtu.

Mtu akiumwa hivyo, na haoni kinachomuumiza, anatafuta wa kumlaumu. Mimi nilitazama ndani ya nyumba, nikamwona mama mkwe. Nani anapika? Yeye. Nani anaingia jikoni kwangu, analala humo, anapanda darini kuchukua mbegu? Yeye. Na nilikuwa nimegundua jambo: mikono yake nayo ilikuwa inatetemeka, tena ilianza kabla ya yangu. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, wachawi mikono yao haitulii, sasa ananiambukiza alicho nacho. Naona aibu kusema maneno haya mbele ya madhabahu, lakini ndiyo niliyoyasema.

Nikaandika barua. Nikaituma hapa Kihesa kwa rafiki zangu. Wapo humu walioisoma, wengine walisomewa, msiinamishe vichwa, kosa ni langu. Nikaandika kwamba mama mkwe ananimaliza. Nikaandika, kikulacho ki nguoni mwako. Na mwandiko wenyewe ulikuwa umepindapinda, umeruka mistari, mkasema, "Mwenzetu kweli amekwisha, tazameni hata kuandika hawezi." Barua ile ikatembea nyumba kwa nyumba kuliko mchango wa harusi.

Sasa pete. Pete yangu ya ndoa nilivishwa mbele ya madhabahu hii. Ni dhahabu ya kweli. Nilipokuwa nakanda zebaki niliivua daima, nilijua kwamba zebaki ikigusa dhahabu inaigeuza nyeupe, hilo kila mchimbaji analijua. Nilipokonda ikawa inaponyoka kidoleni. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikakitundika kwenye fito za dari pamoja na mbegu, nikijua kule hakuna zebaki. Kichupa tulikifungia sandukuni.

Siku moja nikaishusha niisafishe. Nikafungua kitambaa. Pete ilikuwa nyeupe.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Niliivua ikiwa ya manjano, imekaa darini peke yake, haijaguswa na kitu. Nani anapanda darini? Nikamshika mama mkwe kanga mbele ya watu. Nikamwambia amebadilisha pete yangu, na kama hakuibadilisha basi ameiroga, achague. Yule mama alinitazama tu, midomo inacheza, mate yanamtoka. Nikasema hadharani, "Tazameni, hata kujibu hawezi!"

Mume wangu akachanganyikiwa. Huku mama yake, huku mkewe. Mwisho akatuma ujumbe kwa kaka yake Iringa, aje Jumamosi, kikao kikae, mama arudishwe kwao. Mnajua maana ya kurudishwa hivyo. Bibi akiletwa nyumbani kwa jina la uchawi, hakuna atakayempa moto wala kupokea moto wake. Anakufa huku anatembea.

Jumatano ya wiki hiyo jino lilidondoka kwenye uji. Mume wangu akasema, "Kikao Jumamosi, wewe nenda hospitali sasa hivi, mimi namsubiri kaka." Nikapanda gari peke yangu mpaka Mbeya.

Alhamisi, hospitalini, nikapata tabibu mmoja, kijana mfupi mwenye miwani, hana haraka. Akatazama fizi. Akanipa kalamu akasema, "Andika jina lako, mama." Nikaandika. Akalitazama lile jina muda mrefu. Kisha akauliza, "Mnatoka machimboni? Zebaki mnachomea wapi?"

Sikuwa nimesema neno lolote kuhusu zebaki. Nikamwambia, jikoni.

Akachukua kipimajoto, kile kioo wanachokuwekea kwapani, akanionyesha kijistari kinachong'aa ndani. "Unaijua hii?" Nikasema, "Ni zebaki yetu!" Akacheka kidogo. "Ndiyo hiyohiyo. Humu imefungwa. Ikipata joto inapanda, ikipoa inashuka, nasi tunasoma homa yako. Hata mashine ya kupimia msukumo wa damu inayo, na waganga wa meno wanazibia matundu. Ina kazi nyingi nzuri ikifungwa. Ninyi mmeifungulia jikoni. Ikitoka kwenye sepetu, unadhani inakwenda wapi?"

"Inaisha," nikasema.

"Haiishi, mama. Sufuria likichemka mvuke si unapanda? Ukigusa mfuniko, unakuta nini chini yake? Matone. Maji yamerudi kuwa maji. Zebaki nayo inapanda na hewa, huioni, huinusi. Nyingine unaivuta kifuani. Nyingine inakwenda juu penye ubaridi inarudi kuwa zebaki, inakaa huko. Juu ya moto wenu kuna nini?"

Juu ya moto wetu kulikuwa na dari. Na darini kulikuwa na mbegu. Na pete.

Akaendelea kuandika, bila kuniangalia akauliza, "Na nani mwingine anakaa jikoni humo?"

"Mama mkwe. Analala humo."

Akaacha kuandika. "Analala humo? Na mikono yake ikoje?"

Ndugu zangu, nililia mpaka muuguzi akaja. Yule kijana alidhani nalia kwa ugonjwa. Alitaka kunilaza hapohapo. Nikamwambia haiwezekani, Jumamosi wanamfukuza mtu kwa kosa langu. Akakasirika, kisha akatulia akasema, "Nenda. Lakini jikoni usiingie tena. Jumatatu uwe hapa, na huyo mama uje naye. Yeye amevuta zaidi yako."

Ijumaa gari la Chunya halikutoka, mvua ilikuwa imekata njia mlimani. Nikalala stendi. Jumamosi asubuhi nikaona lori la tumbaku linarudi tupu, nikamsihi dereva kama ninavyowasihi ninyi sasa. Njiani tulinasa kwenye matope mara mbili. Kila tukinasa nauona mzigo wa mama umefungwa. Nikawa napiga ubavu wa lori kwa viganja kama vile ni punda.

Nilifika jua la saa nane. Mzigo ulikuwa umefungwa kweli, uko uani. Mama ameketi juu ya kinu kilicholazwa, mikono katikati ya magoti ili isionekane. Shemeji yangu amesimama na watu wawili wa jirani. Mama halii. Alikuwa ameshamaliza kulia.

Nikaanza kueleza. Lakini ugonjwa ule unaharibu hata ulimi, maneno yalinitoka vipandevipande. Moshi, mfuniko, kipimajoto. Shemeji akasema, "Huyu naye amelogwa akili sasa." Mume wangu akasema, "Zebaki ilikuwa sandukuni, pete ilikuwa darini. Imepandaje huko?" Nikasema, "Imepanda kwa moto. Basi na ishuke kwa moto. Ichomeni."

"Ichomwe nini?"

"Pete. Ikiwa ni uchawi, au imebadilishwa, itabaki hivyohivyo. Ikiwa ni zebaki, itatoka."

Nawaambieni ukweli, niliposema hivyo nilijiuliza: Je, isipogeuka? Maneno ya kijana mmoja mwenye miwani, nami nimeweka shingo ya yule mama juu yake. Shemeji akasema, "Haya, na isipogeuka tunaondoka naye jioni hii." Moto ukawashwa uani kabisa, mbali na nyumba. Nikawasimamisha wote upande unakotoka upepo, hata shemeji aliyekuwa anaona ni upuuzi. Mume wangu akafunga kitambaa puani, akashika mpini mrefu wa sepetu, akaweka pete.

Ilikaa pale nyeupe. Shemeji akakohoa. Ikawa ya kijivu, chafu, kama risasi. Nikamwona mama anainuka kutoka kwenye kinu, anakuja anajikokota na mkongojo wake, anataka kuona. Halafu upande mmoja wa pete ukaingia wekundu kidogo, ukasambaa, na mume wangu akaliondoa sepetu kwenye moto akaliweka chini. Pete ilikuwa ya manjano. Imefifia, ina vidoa kama uso wa aliyepona ndui, lakini ni ya manjano, na ndani yake herufi za majina yetu zinasomeka.

Shemeji alivua kofia. Mume wangu alikaa chini kwenye vumbi. Mimi nilipiga magoti mbele ya mama, nikamwomba radhi.

Akasema, "Mwanangu, mbona hukuniuliza? Ungeniuliza ningekwambia hata mimi naumwa."

Kisha akasema, "Lete mikono." Akaishika. Mikono yake inatetemeka, yangu inatetemeka, hatukujua ni nani anamtikisa mwenzake.

Jumatatu tulikwenda wote wawili hospitali. Dawa tulipewa, lakini yule tabibu alisema dawa kubwa ni kutoka mle jikoni. Mume wangu alilibomoa, mbegu zote akazifukia ndani sana, nikalia kwa ajili ya mbegu maana mkulima ni mkulima. Tukarudi Kihesa. Baba watoto sasa anapiga randa, na sijamsikia akitaja Chunya. Usiku nalala. Mate yamekwisha. Kikapu kimoja nimekisuka mwaka huu, kimepinda, lakini kinabeba.

Nawashukuru walionisaidia. Yule tabibu, popote alipo, Mungu ampe macho mema. Dereva wa lori ambaye hakunidai hata senti. Mume wangu, aliyekubali kuchoma pete aliyoinunua kwa jasho. Na ninyi mliotuletea viazi na kuni tuliporudi hatuna kitu.

Fundisho langu ni dogo. Kijana wako akikwambia anakwenda machimboni, mwambie zebaki haiishi. Na ninyi mabinti mnaojipaka zile sabuni za kujing'arisha, yule tabibu aliniambia nyingine wanatia zebaki humo, kwa hiyo mkitaka kung'aa, ogeni. Chekeni tu, lakini sikieni. Na ukiumwa usichokijua, uliza kabla hujataja mtu.

Lakini sikusimama hapa kwa hilo. Nilimsema yule mama kwa barua, mbele ya majirani, na mbele yenu. Radhi nikamwomba uani Chunya, mbele ya watu wanne. Hiyo si sawa. Uongo ulipanda gari ukafika Iringa, ukweli niliuacha kule. Mimi niliona aibu, nikanyamaza miaka miwili, na miaka miwili hiyo nimetazama jambo moja kila sikukuu ya mavuno. Yule mama anaamka alfajiri, anachemsha togwa, anatwanga kimea kwa mikono ile, anauleta mtungi, anaufunika kitambaa cha bluu. Watu wanakula, wanakunywa vya wengine. Jioni anaubeba mtungi wake kurudi nao, umejaa kama alivyouleta. Hajawahi kulalamika. Mimi namsaidia kuumwaga nyuma ya nyumba.

Leo sitaumwaga.

Nimekuja na vikombe. Naomba mnivumilie, nitamimina nusunusu, maana nikijaza nitamwaga. Hiki cha kwanza nakunywa mimi, mkiona. Haya. Ni tamu, mama.

Hiki cha pili nimekishika hapa, na mkono wangu mnaujua. Nani anakuja kunipokea kabla hakijamwagika?